Jinsi ya kumfikishia mgonjwa tiba ya mionzi ya FLASH kwa usalama

Tiba ya mionzi ya kawaida hutoa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) chache kwa dakika, ilhali ile iitwayo FLASH huanzia takriban grei 40 kwa sekunde. Mwaka 2014 watafiti wa Institut Curie, Ufaransa, walionyesha kwamba kwa kasi hiyo uvimbe wa panya ulidhibitiwa vilevile huku mapafu yao yakipata madhara machache kuliko kwa tiba ya kawaida. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 2018 katika hospitali ya CHUV, Lausanne, Uswisi: mzee wa miaka 75 mwenye limfoma (saratani ya seli za kinga) ya ngozi, aliyepewa grei 15 kwa milisekunde 90. Katika muda huo hakuna mtu anayewahi kubonyeza kitufe cha kusimamisha mashine, na kwa hiyo uangalifu wote sharti ukamilike kabla mionzi haijawashwa.

Anzeni na upimaji. Chemba ya ayoni, ambayo ndiyo kipimo cha kila siku katika idara za mionzi, hupotosha hapa, kwa sababu ayoni nyingi, yaani chembe zenye chaji zinazozalishwa na mionzi ndani yake, huungana tena kabla ya kukusanywa na dozi husomeka pungufu kuliko ilivyo, jambo ambalo ni la hatari kubwa. Tumieni alanini (asidi amino inayohifadhi alama ya dozi) na filamu za mionzi, ambazo haziyumbishwi sana na kasi ya dozi, na msiendelee mpaka njia mbili zisizotegemeana zimetoa jibu moja.

Kisha shughulikieni udhibiti. Katika mashine ya elektroni dozi nzima huweza kufika kwa mipigo (miripuko mifupi ya mionzi) michache tu, kila mmoja ukidumu mikrosekunde kadhaa, na mpigo mmoja wa ziada ni kosa kubwa. Mashine yenyewe ihesabu mipigo na kujizima; nanyi mjaribu kwa makusudi kuiharibia hesabu hiyo, ili muone kama kweli itajizima.

Kuhusu wagonjwa, naona mfano bora ni jaribio la FAST-01 la Cincinnati, Marekani, lililotumia protoni kwa watu 10 ambao saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye mifupa ya mikono au miguu. Walipewa grei 8 mara moja, dozi ambayo madaktari wameizoea kwa kutuliza maumivu ya namna hiyo, hivyo kilichokuwa kigeni ni kasi peke yake. Elektroni za nishati ndogo, zisizopenya zaidi ya sentimita chache, zibaki kwa uvimbe wa ngozi.

Msiharakishe kuongeza dozi. Katika utafiti wa paka wenye saratani ya pua, 3 kati ya 7 wa kundi la FLASH, lililopewa grei 30 kwa mara moja, walioza mfupa wa taya miezi mingi baadaye, na utafiti ukasimamishwa. Fomu ya ridhaa imweleze mgonjwa habari hiyo kwa lugha anayoielewa, na ratiba ya kliniki iendelee kumwita kwa uchunguzi miaka kadhaa baada ya ngozi yake kupona.