Kuvua trauti Mlima Kenya kabla ya masika

Mbwa mwachie jirani. Hifadhi ya Mlima Kenya hairuhusu wanyama wa kufugwa, na askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) langoni hasikilizi hadithi za "huyu hana neno". Popi wangu hubaki Kayole na shangazi, akinona kwa ugali.

Nenda mwishoni mwa Februari. Mvua za Machi zikikolea, njia huwa matope matupu. Panda gari la Chogoria pale Tea Room, stendi ya matatu Nairobi, alfajiri. Kutoka lango la Chogoria, elekea Ziwa Ellis, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari.

Usiku ndio mtihani. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo simamisha chupa kichwa chini ili mdomo usizibwe na barafu. Simu na betri lala nazo ndani ya begi la kulalia.

Vua jua likishagusa maji. Bana kijino cha ndoano kwa koleo ili samaki mdogo atoke bila kuchanika, na lowesha mikono kabla ya kumshika. Mikono mikavu humtoa ute unaomkinga. Mkubwa mpasulie mbali na hema, fisi wana pua. Chumvi na ndimu zinatosha, ingawa mimi huongeza pilipili.