Kagua nyumba yako kabla mtathmini wa bima hajaja

Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu siku moja au mbili baada ya balaa. Kampuni ya bima inanituma, naangalia kilichoharibika, kimeharibikaje, na kukirudisha ni shilingi ngapi. Hapa Dar madai mengi ninayokutana nayo ni ya maji na umeme. Majambazi wanafuata kwa mbali. Na mengi hukatwa au kukataliwa kwa sababu moja: bima inalipa ajali ya ghafla, hailipi kitu kilichokuwa kikioza taratibu huku mwenyewe anakiona.

Anzia juu. Nyumba zinazonipa kazi kuliko zote ni zile za kisasa za Goba, Madale na Mbweni, ambazo bati limefichwa nyuma ya ukuta. Zinapendeza, sikatai. Lakini maji yote ya paa yanakusanyika kwenye mfereji wa ndani na kutokea kwenye bomba la inchi mbili au tatu. Majani ya mwarobaini yakiziba hapo, mfereji unajaa, maji yanapita chini ya bati na kushukia kwenye jipsamu. Nikifika, kitu cha kwanza naangalia doa. Likiwa na duara ndani ya duara, rangi ya chai ya rangi, najua dari hilo limelowa na kukauka mara nyingi. Hapo usiniambie ni mvua ya jana.

Pandisha mtu juu kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Asafishe mfereji, kisha amwage ndoo mbili za maji uone zinavyotoka. Halafu mwambie fundi atoboe tundu la akiba kwenye ukuta unaoficha bati, chini kidogo ya usawa wa bati lenyewe, ili bomba likiziba maji yamwagikie nje. Siku ukiona tundu hilo linatiririsha, umeshajua pa kusafisha. Mlio karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, kagueni na misumari: chumvi inakula vichwa vyake, na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo wa pwani hii si wa kudharau.

Maji ya chini ni habari nyingine. Bonde la Msimbazi kila mtu analijua, toka Kigogo hadi Jangwani, ila hata Boko na Tegeta kuna mitaa ambayo jirani mmoja akijenga ukuta kwenye njia ya maji, mtaa mzima unaogelea. Usidhani mafuriko yamo kwenye kila bima ya nyumba. Uliza, na jibu ulione kwenye hati, siyo kwenye simu ya wakala. Kama umejenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ufukweni, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 haiko upande wako, na swali hilo litakuja. Wengine inueni soketi za chini, na fundi bomba aweke valvu ya kuzuia maji ya karo kurudi ndani. Hayo ndiyo maji mabaya kuliko yote, niamini.

Kwenye umeme naenda moja kwa moja kwenye meinswichi. Nyaya za soketi zinatakiwa ziwe na unene wa milimita za mraba 2.5, za taa 1.5. Mafundi wa kubana matumizi wanapitisha 1.5 kila mahali, kisha mwenye nyumba anafunga kiyoyozi na hita ya maji juu yake. Breka ikianza kujizima, anaitwa fundi aweke breka kubwa zaidi. Breka inanyamaza, waya unachemka ndani ya ukuta. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na tunza karatasi ya kazi aliyofanya. Naiomba kila mara na ni wachache wanaoitoa. Friji na televisheni zinazokufa umeme unaporudi kwa kishindo mara nyingi hazilipwi bila nyongeza maalumu kwenye hati, kwa hiyo kigadi cha friji ni rahisi kuliko ubishi na kampuni.

Mtungi wa gesi ukae nje, penye hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kuelekea popote penye cheche. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga. Namba ya Zimamoto ni 114, mfundishe na dada wa kazi.

Wizi nautaja kwa ufupi. Hati nyingi zinataka alama za kuvunja. Simu iliyovutwa dirishani kwa upondo, au vitu vilivyobebwa na mtu uliyemkaribisha mwenyewe, vina utata. Weka nondo, funga madirisha usiku, na rekodi video ya vitu vyako na namba zake.

Sasa linaloumiza zaidi: kiasi cha bima. Kiwanja hakiungui, kwa hiyo usikikatie bima. Kata gharama ya kuijenga upya nyumba kwa bei za leo za saruji na nondo, siyo za mwaka 2012 ulipojenga. Tuseme kuijenga upya ni milioni 120, wewe umekata milioni 60. Jiko likiungua kwa hasara ya milioni 20, utalipwa milioni 10, kwa kuwa ulikata nusu, na hapo bado hawajatoa sehemu unayojibebea mwenyewe. Watu hunikasirikia mimi, wakati hesabu hiyo iko kwenye hati waliyoisaini. Hakiki pia hati yako kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima, maana mawakala feki wapo.

Likikupata, toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo. Kama ni wizi, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Piga picha kabla hujafagia, zuia hasara isiongezeke, na tunza risiti ya turubai utakalonunua. Kilichoungua usikitupe wala usimwuzie muuza vyuma chakavu mpaka mtathmini akione. Usiporidhika na malipo, lalamika kwa kampuni kwa maandishi. Wakikuzungusha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.