Somo: Kuhiji Namugongo kwa faida ya roho

Wengi wetu tuishio Kampala tumefika Namugongo, mahali pa hija pa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni, sikukuu yao, tukasukumana na umati, tukarudi na dumu la maji na rozari mpya. Sina neno juu ya sikukuu ile. Ila anayetaka kuijenga imani yake mwenyewe namshauri aende siku ya kawaida, katikati ya juma.

Hatua ya kwanza ni kuchagua shahidi mmoja kabla ya kuondoka. Mashahidi Wakatoliki ni 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na anayetaka kuwashika wote kwa mpigo huishia kukariri majina. Kijana amchukue Kizito, mdogo kuliko wote, aliyebatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga huko Munyonyo usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, hasira ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, ikiwa tayari imewaka. Anayebanwa na ndugu zake kwa sababu ya dini amchukue Mbaga Tuzinde, ambaye mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa jamaa yake na alimsihi aokoe maisha yake.

Hatua ya pili ni kitubio. Ungama parokiani kwako, kwa lugha unayoimudu, ili usifike Namugongo ukihangaika kumtafuta padre.

Hatua ya tatu ni safari yenyewe. Panda teksi ya kupitia Kireka, na ukiwa na nguvu shuka Kyaliwajjala umalizie kwa miguu, kwa kuwa mashahidi wale nao, wakiwa wafungwa, waliswagwa kwa miguu kutoka Munyonyo, na baadhi yao, akiwemo Gonzaga Gonza, waliuawa njiani.

Hatua ya nne ndiyo kiini, nayo haitaki haraka. Weka simu mfukoni, kwanza ulitazame kanisa kutoka nje: limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, juu ya nguzo 22, na lilifunguliwa mwaka 1975. Kisha ingia, ukae mahali unapoiona altare vizuri, kwa maana imesimama pale alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886. Masimulizi yanasema moto ulianzishwa miguuni, polepole, naye akaendelea kusali. Hapo jiulize swali moja tu: ni jambo gani la imani yangu ninalolificha mbele ya bosi, wakwe au rafiki zangu? Usikimbilie rozari ili kulikwepa. Kaa nalo kimya hadi upate jibu lenye jina la mtu na mahali, ndipo usali.

Hatua ya tano: ndani ya juma hilohilo, tenda jambo moja kulingana na jibu ulilopata.

Maswali ya wanajumuiya

Swali: Katekista, mimi ni mfanyabiashara kutoka Arua na Kiganda sikielewi. Misa itanifaa?

Jibu: Itakufaa, ndugu yangu, kwa sababu mpangilio wa Misa ni uleule. Soma masomo ya siku kwa Kiswahili kabla ya kwenda, na uitikie kimoyomoyo kwa lugha yako.

Swali: Mume wangu ni Mwanglikana. Twende pamoja?

Jibu: Nendeni, mama. Waanglikana nao waliuawa katika mateso yaleyale, wana mahali pao pa hija hapohapo Namugongo, na Papa Paulo VI aliwakumbuka siku alipowatangaza wenzao watakatifu. Yeye hatapokea Komunyo katika Misa yetu, na ni vizuri mwelewane hilo mapema nyumbani, lisije likamfedhehesha kwenye foleni. Anzeni kwenu au kwao, mpendavyo.

Swali: Mama yangu ni mgonjwa na ameniagiza maji ya Namugongo. Yanaponya?

Jibu: Kanisa halifundishi kwamba maji yana nguvu yenyewe kama dawa ya mganga. Maji yaliyobarikiwa hutukumbusha ubatizo na hutusaidia kusali, na anayeponya ni Mungu, apendavyo. Mpelekee mama maji hayo, usali naye Baba Yetu anapoyatumia, umwite padre ampe Mpako wa Wagonjwa, na vidonge vya hospitali asiache kuvimeza hata siku moja.