Jinsi ya kupima tija inayotokana na watu kuhama sekta

Tija ya kazi, yaani thamani anayozalisha kila mfanyakazi, hupanda nchini kwa njia mbili: mkulima anavuna zaidi palepale alipo, au anaacha jembe na kwenda kwenye kazi yenye pato kubwa zaidi. Kwa Tanzania Bara, unaweza kuzitenganisha.

Chukua thamani iliyoongezwa na kila sekta (mazao yake ukitoa malighafi na huduma ilizotumia) kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa bei za mwaka wa kizio 2015, yaani bei za mwaka huo kwa miaka yote. Ukitumia bei za mwaka husika, utakuwa unapima na mfumuko wa bei. Idadi ya wafanyakazi itoe kwenye utafiti wa nguvukazi wa 2014 na wa 2020/21, Bara pekee, maana pato la Zanzibar huhesabiwa kivyake. Gawanya thamani kwa wafanyakazi.

Tuseme, kwa kujifunzia, wafanyakazi ni 100: 70 wako kwenye kilimo, tija shilingi milioni 1 kila mmoja, na 30 kwingineko, milioni 4. Wastani ni 1.9. Baadaye kilimo kina 60 kwa milioni 1.2, kwingineko 40 kwa 3.8. Wastani ni 2.24, ongezeko 0.34.

Ndani ya sekta: (0.7 × 0.2) + (0.3 × −0.2) = 0.08.

Kuhama, kwa tija ya mwanzo: (−0.1 × 1) + (0.1 × 4) = 0.30.

Mabadiliko ya mgawo wa ajira mara mabadiliko ya tija: (−0.1 × 0.2) + (0.1 × −0.2) = −0.04.

Jumla irudi 0.34, isiporudi, kagua migawo.

Wengi huunganisha mistari miwili ya mwisho wakapata 0.26 na kufurahi. Usifanye hivyo. Ile −0.04 inaonyesha kwamba sekta iliyopokea watu imeshuka tija, na iliyowapoteza imepanda. Bodaboda wakiongezeka kijiweni huku abiria ni walewale, kila mmoja hurudi na kidogo.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye tafsiri ya ajira. Kanuni ya kimataifa ya takwimu za kazi ya 2013 haimhesabu anayelima hasa kwa chakula cha nyumbani kuwa ameajiriwa. Ukichanganya kanuni mbili, wakulima “watahama” kwenye karatasi tu. Tumia tafsiri moja miaka yote miwili.

Shughuli za majengo ziangalie kando: zina kodi ya pango ya kukadiria ya nyumba ambazo wenye nyumba wanaishi wenyewe, na wafanyakazi wachache mno, hivyo tija yake hupaa bila mtu kufanya kazi zaidi.