Zege limwagilie siku 7, usiishie 2

Nimelipata hili kwa fundi mmoja mzee tulipomwaga sakafu ya baraza: asubuhi iliyofuata, zege likiwa limeshashika, alizungushia ukingo mdogo wa mchanga pembeni, akajaza maji ya kina cha vidole viwili, akasema yasikauke kwa siku 7. Wengi wetu tunarusha ndoo mojamoja siku 2, tukiona juu pagumu tunaacha. Ugumu huo unadanganya. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Saruji hukomaa kwa kuungana na maji, na yakitoweka mapema kazi hiyo inakwama njiani. Ndiyo maana sakafu nyingine hutoa vumbi kila ukifagia, na nyufa nyembamba zinajichora zenyewe. Zege la kawaida likitunzwa siku 7 hufikia takribani theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28, kwa hiyo ukiweza kuzidisha hapo, zidisha. Maji ni ya kununua? Tandaza magunia yaliyolowa, funika kwa nailoni, lowesha tena yakianza kukauka. Nguzo nazo zivishe magunia, ufunge kwa kamba. Kumwagilia hakutaliokoa zege kama lilikorogwa kwa maji mengi hadi likawa uji, au kama saruji ilipunjwa (hapo unamwagilia hasara). Na usiwahi kumwaga maji kabla halijashika; yataosha saruji ya juu, ubaki na mchanga.