Kupekua sarafu za benki Uganda: anza na shilingi 100 na sumaku

Kupekua sarafu ni kuchukua chenji benki, kuichambua ukitafuta za kuhifadhi, kisha kuzirudisha zilizobaki kwenye matumizi. Marekani sarafu za benki hufungwa kwa karatasi: bunda la senti 10 lina sarafu 50, la senti 25 lina 40. Uganda usisubiri bunda za namna hiyo. Zipokee zilivyofungwa, uzihesabu palepale mbele ya keshia. Ukishatoka nje, upungufu ni wako.

1. Omba thamani moja tu. Shilingi 50,000 za sarafu za 100 ni sarafu 500, kazi ya jioni moja. Omba zilizoletwa na wenye maduka. Mfuko mpya mara nyingi hujaa sarafu za mwaka mmoja, hivyo unamfaa tu anayetaka sarafu ambazo bado hazijapita mikononi mwa watu.

2. Andaa meza. Kitambaa laini, sumaku ndogo, lenzi ya kukuza mara 10, daftari, na taa inayomulika kutoka ubavuni.

3. Pitisha sumaku. Hapa ndipo penye utamu. Sarafu za 100 na 200 za mwaka 1998 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa hiyo sumaku haizivuti. Baadaye zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli, nazo hunasa mara moja. Zitandaze zisilaliane, kisha pitisha sumaku juu yake bila kugusa. Zitakazobaki mezani ndizo za kusoma mwaka. Usitumie sumaku kubwa ya spika: inanyanyua rundo zima, na zile zisizovutwa hubanwa katikati ukadhani zimevutwa. Tena hukwaruzana.

4. Kagua uso. Mwaka 1998 peke yake hauifanyi sarafu kuwa adimu. Hali yake ndiyo muhimu. Kwenye 100 tazama ng'ombe: shavu likiwa limelainika kama kokoto ya mtoni, irudishe kwenye matumizi. Kwenye 500 tazama manyoya ya kishungi cha korongo. Yakihesabika moja moja, iweke kando.

Kisha angalia mpangilio wa pande mbili. Shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, uigeuze kama ukurasa wa kitabu, na uilinganishe na wenzake kumi. Picha ya upande wa pili ikiwa imelala pembeni kuliko ya wenzake, muhuri (chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) ulizunguka kiwandani, na hiyo ni ya kuhifadhi. Tundu, nyundo na moto ni uharibifu wa mitaani, si kosa la kiwanda.

Ukikutana na ya 1,000 ya mwaka 2012, ile ya rangi mbili ya miaka 50 ya uhuru, usiiachie.

5. Usisafishe. Ndimu, majivu na dawa ya meno huondoa ngozi ya juu ya metali, na mnunuzi aliyezoea huiona papo hapo. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha iguse kwa kitambaa bila kusugua. Epuka mifuko laini ya plastiki aina ya PVC, kwani huacha utando wa kijani. Mtu wa Entebbe au Jinja, karibu na ziwa, aongeze kipakiti cha kunyonya unyevu. Sarafu za chuma huanza kutu pale mpako ulipopasuka.

6. Zirudishe. Usizipeleke kwenye dirisha ulikozitoa, la sivyo kesho utapekua zilezile. Wauza sokoni na makondakta wa teksi huhitaji chenji kila asubuhi. Badilishana nao kwa noti, na uwaombe wakuwekee za jioni.