Jeraha bandia: umbo kwanza, damu baadaye

Ukipewa kazi ya kumtia mwigizaji jeraha hapa Nairobi, iwe ni tamthilia ya shule au filamu fupi, usikimbilie damu. Loweka jelatini (unga wa kugandishia vyakula) isiyo na ladha kwenye maji kidogo na glisarini ile ya kupaka ngozi, ipashe polepole mpaka iyeyuke, kisha iache ipoe kidogo. Ijaribu kwenye kifundo cha mkono wako kwanza. Ikikuchoma wewe, itamchoma na mwenzako. Ipake, kingo ziwe nyembamba kama utando wa maziwa, halafu ipasue katikati kwa kijiti cha meno kabla haijaganda.

Ndani ya ufa tia rangi ya damu iliyokauka, karibu na nyeusi. Nyekundu mbichi ije juu, kidogo tu. Na ngozi zetu nyeusi zinastahili kazi makini: rangi ya waridi haionekani kama chubuko hata kidogo, tumia zambarau na kahawia nzito.

Damu ni shira nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na chembe ya kakao. Taa kali huilainisha jelatini, basi piga picha za karibu mapema. Mwigizaji aoshwe kwa maji vuguvugu kabla hajapanda matatu. Abiria hushtuka kweli.